Kutoka Ngamiani hadi Bweni: Oktoba ya kujiandikisha

Ijumaa, 11 Oktoba 2024. Ngamiani, Tanga mjini

Taarifa ya mwezi huu naiandika njiani. Kawaida yangu hukaa mjini, nikakusanya ya baraza la madiwani, ya miradi, ya misiba na harusi, nikayaweka pamoja mwezi ukiisha. Safari hii nimeona heri nizifuate meza. Leo nchi nzima umefunguliwa uandikishaji wa wapiga kura wa uchaguzi wa serikali za mitaa, na utafungwa Jumapili ya tarehe 20. Kura yenyewe ni 27 Novemba. Nitapita mjini, Chongoleani, Muheza, Kigombe hadi ng'ambo ya mto Pangani, kila mahali penye mradi mkubwa au jambo linalosemwa sana, nitazame nani anaandikwa, nani anapita tu.

Nimeanzia Ngamiani, kwenye zile barabara zetu za namba. Meza ni moja ya mbao, viti viwili vya plastiki, mwandikishaji binti wa makamo ya chuo, na mawakala wa vyama wamekaa kwenye benchi ubavuni mwake. Daftari limepigwa mistari kwa rula: namba, jina, jinsia, umri, saini. Asiyeandika anabonyeza dole gumba kwenye pedi ya wino. Ajuza mmoja wa kanga mbili alibonyeza, akaitazama alama yake kwenye karatasi, akaufuta wino kwenye pindo la kanga.

"Ndo basi?"

"Ndo basi bibi. Umeshaandikwa."

"Na kadi?"

"Hii haina kadi bibi."

Hapo ndipo palipo na mkanganyiko, na nitaueleza hapa mara moja kwa sababu nina hakika nitaukuta kila kituo. Ile kadi ya mpiga kura tuliyonayo nyumbani ni ya Daftari la Kudumu, la uchaguzi wa rais, wabunge na madiwani, na linasimamiwa na Tume ya uchaguzi. Uchaguzi huu wa Novemba uko chini ya TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa, na una orodha yake, inayoandikwa upya katika siku hizi za Oktoba. Ukiwa na kadi na hukuandikwa mezani, jina lako halimo. Ukiandikwa na huna kadi, jina lako limo. Anayetakiwa ni Mtanzania mkazi wa mtaa ule, aliyetimiza miaka 18, mwenye akili timamu. Vituo vinafunguliwa saa 2 asubuhi, vinafungwa saa 12 jioni.

Kijana wa bodaboda aliyekuwa akitupisha pale alisema yeye kaandikwa tangu 2020, hana haja. Nilimweleza, binti wa mezani akamweleza, wakala wa chama kimoja na wa chama kingine wakamweleza kwa pamoja. Akaegesha pikipiki, akaandikwa. Wangapi wamepita bila kupata wa kuwaeleza?

Tanga ni mji wenye hamu ya siasa. Mwaka 2015 jimbo la mjini lilichukuliwa na CUF, chama cha upinzani, na wanaokumbuka vikao vya baraza vya kipindi kile wanajua jinsi watu walivyojaa kwenda kusikiliza. Ikaja 2019, uchaguzi wa mitaa uliopita: wagombea wengi wa upinzani wakaenguliwa nchi nzima, vyama vyao vikajitoa, na mitaa mingi watu wakapita bila kupingwa. Miaka mitano mtu anakaa kwenye kiti ambacho hakuna aliyemkalisha kwa kura. Nasema wazi kwamba jambo lile liliwakatisha watu tamaa, na sehemu ya uzito wa miguu ninaouona leo umetoka huko.

Jumamosi, 12 Oktoba. Karibu na bandari

Asubuhi nimeketi kwa mama lishe anayeuza chai ya maziwa na vitumbua kwa vibarua wa bandarini. Baiskeli zimeegeshwa ukutani, nyingi kuliko pikipiki, na hilo Tanga bado ni fahari yetu.

Habari ya bandari wengi mnaijua kwa hesabu ya serikali: Shilingi bilioni 429.1, kina kutoka mita 3 hadi 13, gati mbili zenye urefu wa mita 450. Niwaeleze maana yake kwa lugha ya waliokuwa wakibeba. Zamani meli kubwa haikuwa ikisogea. Ilitia nanga nje, kilomita moja na ushee kutoka gatini, mzigo ukashushwa kwenye tishari, tishari likavutwa hadi ukingoni, mzigo ukanyanyuliwa tena. Mzigo mmoja kazi mbili, na mwenye mzigo analipia zote mbili. Ndiyo maana wafanyabiashara wa Moshi na Arusha, ambao Tanga ni jirani yao kwa reli tangu enzi za ukoloni, walikuwa wakiipita na kwenda Mombasa. Sasa meli inafunga gatini.

Mzee mmoja wa kazi za bandari, amestaafu, anakuja pale kwa chai na mazungumzo tu, alisema furaha yake ni kuziona meli karibu, na wasiwasi wake ni vijana. "Kazi ya tishari ilikuwa ya mikono. Hii ya sasa ni ya mashine. Mwanangu, uliza vijana wetu wamesomeshwa mashine?"

Nikauliza. Vijana wanne waliokuwa mezani, hakuna aliyewahi kusikia mkutano wa mtaa wake ukizungumzia nafasi za mafunzo. Wawili walikuwa hawajajiandikisha. Nimeondoka nao hadi kituoni kwao, Chumbageni.

Jumapili, 13 Oktoba. Chongoleani

Unashika njia ya Horohoro, kisha unakunja kulia kuelekea baharini. Huku ndiko bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, linakoishia: kilomita 1,443, na 1,147 kati ya hizo ziko kwenye ardhi yetu. Jiwe la msingi liliwekwa hapa tarehe 5 Agosti 2017 na Rais Magufuli na Rais Museveni. Mafuta ya Hoima yana nta nyingi, yakipoa yanaganda, kwa hiyo bomba litapashwa moto njia nzima, nyuzi 50 hivi. Hapa mwisho panajengwa matangi ya kuhifadhia na gati refu la kwenda kwenye maji ya kina ili meli zipakie.

Mtu akisimama ufukweni anaona nguzo za gati zikiingia baharini. Wanawake wa mwani wao wako upande mwingine. Leo maji ni mafu, bahari haikutoka sana, kwa hiyo walikuwa wamekaa chini ya turubai wakifunga mbegu. Kazi hii nimeitazama kwa karibu, saa nzima. Kamba ndefu ya manila imetandazwa mapajani, na juu yake vimeshafungwa vikamba vidogo wanavyoviita taitai, kila baada ya shubiri moja. Mwanamke anachukua kitawi cha mwani, anakizungushia kikamba, anakaza fundo bila kulibana, kwa sababu ukibana mwani unakatika na ukilegeza wimbi linauchukua. Vidole vinakwenda vyenyewe huku mdomo unazungumza. Bahari ikitoka vizuri watakwenda kuzifunga kamba kwenye vigingi, na baada ya wiki sita hivi watavuna.

Taabu yao ni joto la maji. Mwani uliozoea kustawi karibu na pwani sasa unapauka na kukatika miezi ya joto, na kuhamia maji ya kina kunataka chombo. Wana kikundi, wanataka mkopo wa halmashauri.

Mikopo hii ni ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, haina riba. Ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya fedha nyingi kukutwa kwa vikundi hewa na kwa waliokopa wasirudishe, na serikali ikatangaza kuirudisha kuanzia Julai mwaka huu kwa utaratibu mpya. Utaratibu wowote utakaokuwa, maombi ya kikundi yanaanzia chini, kwenye mtaa, ambako kikundi kinatambuliwa kwamba kipo na watu wake ni wakazi. Katibu wa kikundi, mama wa miaka hamsini na kitu, alinionyesha fomu zake ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa dhidi ya maji ya chumvi. Zote zimejazwa. Pamebaki pahali pa muhuri.

"Tumekwenda mara ngapi shoga?" akamwuliza mwenzake.

"Usiulize."

Mwenyekiti hayupo, mwenyekiti kasafiri, mwenyekiti yuko msibani. Sikwenda kumtafuta, simfahamu, inawezekana ana udhuru wake. Lakini hapo ndipo nilipopata jambo ninalolisema katika taarifa hii yote: mradi wa matrilioni unamfikia mwananchi kupitia muhuri wa mtu asiye na mshahara. Fidia ya ardhi ni hivyo hivyo. Mthamini akija shambani kwako, fomu yake ya uthamini inatiwa saini na kiongozi wa eneo lako kuthibitisha kwamba shamba ni lako na minazi iliyohesabiwa ni yako. Kiongozi akiwa mwaminifu, mnazi wako unaandikwa. Asipokuwa mwaminifu, unaandikiwa mtu mwingine, na utahangaika nalo ofisi hadi ofisi kwa miaka.

Nikawauliza kama wamejiandikisha. Wote, tangu Ijumaa asubuhi, kabla hata ya kwenda pwani.

Jumatatu, 14 Oktoba. Mjini

Sikukuu ya Nyerere, miaka 25 tangu afariki. Vituo vimefunguliwa, watu hawapo kazini, na leo ndiyo mara ya kwanza nimeona foleni ya kweli, Makorora na Msambweni.

Nimepumzika nyumbani na kusoma makaratasi ya hatifungani ya kijani ya mamlaka yetu ya maji, yaani mkopo unaochukuliwa kwa wawekezaji kwa ajili ya miradi inayotunza mazingira. Iliuzwa kuanzia Februari mwaka huu, bilioni 53.12, riba asilimia 13.5 kwa mwaka, muda wa miaka kumi, na ilipoingia Soko la Hisa la Dar es Salaam mwezi Mei ilikuwa imevuka lengo. Hakuna mamlaka ya maji katika Afrika Mashariki iliyowahi kufanya hivyo kabla yetu. Fedha ni za kupanua mtambo na mabomba, ili maji yanayozalishwa kwa siku yatoke lita milioni 45 yafike milioni 60. Nimeifurahia hatua hii. Kwa mara ya kwanza mji haukungoja bajeti ya Dodoma, umekopa sokoni kwa jina lake.

Mkopo hulipwa, na utalipwa na bili zetu. Ningependa kila mtaa usomewe, kwa Kiswahili cha kawaida, ni bomba lipi linapita wapi na lini.

Jumanne, 15 Oktoba. Muheza na Kisiwani

Maji hayo ya hatifungani yanatoka huku. Bwawa la Mabayani linalonywesha Tanga linajazwa na mto Zigi, na Zigi unateremka kutoka misitu ya Amani, Usambara Mashariki. Kwa hiyo leo nimepanda.

Muheza nimepita haraka. Msimu mkubwa wa machungwa umekwisha, sokoni yamebaki ya kuokoteza, na malalamiko ni yale yale ya lumbesa, magunia yanayojazwa kupita kiasi, na ya wanunuzi kutoka Kenya wanaopanga bei wakiwa ndani ya gari. Njiani, Ngomeni na Mlingano, mkonge umepandwa upya kwenye mashamba niliyoyajua mimi kama mapori. Mwaka 1964 nchi hii ilitoa zaidi ya tani 230,000 za mkonge, sehemu kubwa kutoka mkoa huu, halafu nailoni ikaja ikaua soko. Kuona mistari ile ya kijani imenyooka tena kunatia moyo sana.

Kisiwani, mlangoni mwa milima, mvua ya vuli imeshaanza. Mwandikishaji amehamishia meza barazani kwa duka la mangi kwa sababu ya manyunyu, daftari kalifunika kwa gazeti. Wanaokuja wanatoka mashamba ya juu na majembe yao, wengine na mizigo ya mdalasini na iliki kichwani.

Watu wa huku wanajua thamani ya uongozi wa kijiji kuliko sisi wa mjini. Wana sababu. Mto Zigi uliwahi kuingiliwa na wachimbaji wa dhahabu huko Sakale, maji yakachafuka hadi mjini, na aliyesimama kuwakabili mwanzo ni mtu wa kijiji. Wakulima wenyewe wakaunda umoja wao, UWAMAKIZI, wa kutunza kingo za Kihuhwi na Zigi: kupanda miti, kuacha kulima hadi mtoni, kutega matuta. Vile vile walifuga vipepeo. Kwa miaka mingi familia za vijiji vya Amani ziliuza mabuu ya vipepeo kwenda bustani za maonyesho Ulaya, watoto wakasomeshwa na kipepeo. Mwaka 2016 serikali ilipozuia kusafirisha wanyama hai nje ya nchi, kipepeo naye akaingia kwenye zuio, na kipato kile kikakatika siku moja. Mfugaji niliyeongea naye hakuwa na uchungu na kuzuia wanyama. Uchungu wake ulikuwa kwamba hakuna aliyekuja kijijini kuwauliza kabla.

"Kijiji kina mkutano mkuu kila miezi mitatu," alisema. "Ni sheria. Wangeleta pale, tungewaambia."

Ni kweli. Kijiji si kama mtaa. Kijiji kina nguvu. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haigawi ardhi mpaka mkutano mkuu wa kijiji uidhinishe. Kila mwenye miaka 18 ni mjumbe wa mkutano ule. Mji wa Tanga unakunywa maji ambayo usafi wake unalindwa na mikutano ile, na mimi nadhani ni haki sehemu ya fedha za maji irudi kwa wanaotunza chanzo.

Alhamisi, 17 Oktoba. Kigombe

Jana nilishinda kwenye magari. Leo niko Kigombe, kijiji cha wavuvi katikati ya Tanga na Pangani, na mwezi ni mpevu.

Mwezi mpevu maana yake wavuvi wa dagaa wako nchi kavu. Wao huvua kwa taa, na taa haivuti samaki bahari ikiwa inang'aa. Kwa hiyo nimekuta foleni ambayo sijaiona kwingine: vijana wamevua mashati, wengine wameleta nyavu wanazishona huku wanangoja zamu, na mabishano ya mpira wa Simba na Yanga yanaendelea juu ya vichwa. Siku hizi mbili tatu, mwandikishaji aliniambia, ameandika wanaume wengi kuliko siku zote zilizotangulia. Waliopanga tarehe za uandikishaji sidhani kama walitazama mwezi, lakini kwa watu wa pwani ya dagaa umeangukia vizuri.

Kigombe ndiko walikopatikana silikanti kwa wingi miaka ya 2003 hadi 2005. Samaki huyu dunia ilimhesabu ametoweka tangu enzi ya dinosaria, mpaka akavuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Hapa walinaswa kwenye majarife, nyavu kubwa zilizotegwa kina kirefu kwa ajili ya papa. Mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, yenye kilomita za mraba 552, inayogusa kijiji hiki.

Nimezungumza na wazee wa kamati ya uvuvi, ile inayoitwa BMU. Baruti, ambayo miaka ya nyuma ilikuwa ikilia pwani hii mchana kweupe, imepungua sana, na wanajisifia hilo kwa haki kabisa, maana waliokuwa wakiwataja wapigaji ni wao, na wapigaji ni watoto wa majirani. Ugumu walio nao ni mipaka. Mvuvi mdogo anaona amezungukwa: huku hifadhi, huku watalii, kule njia ya meli. Mzee mmoja alichora mchangani kwa kijiti: huu mwamba, hapa tulivua na babu, hapa sasa hakuna ruhusa, hapa kuna ruhusa lakini chombo chako lazima kiwe na mashine. Hakuwa akipinga hifadhi. Alitaka ramani ibandikwe pale sokoni, kubwa, kwa Kiswahili, ili kijana asikamatwe kwa kutojua. Ombi dogo namna hii, mwenyekiti wa kijiji mwenye bidii analimaliza kwa barua moja.

Nimemwuliza mzee yule kama atagombea. Akacheka. Kugombea kunataka chama kikudhamini, mgombea binafsi haruhusiwi, na yeye, alisema, chama chake ni bahari.

Ijumaa, 18 Oktoba. Pangani na Bweni

Barabara ya Tanga hadi Pangani ni kilomita 50, na ni kipande cha kwanza cha ile ya kilomita 256 inayokwenda Saadani mpaka Makurunge, Bagamoyo. Lami imefika sehemu, sehemu bado ni vumbi na mchepuko. Dereva wa Noah alikuwa akituhesabia makalavati kama mtu anayehesabu mitaji yake.

Pangani hakuna anayezungumza kitu isipokuwa daraja. Litakuwa na mita 525, kutoka upande wa mji hadi Bweni, na nguzo zinapanda. Watoto wa shule wanajua majina ya mitambo. Mji huu ulikuwa mkubwa wakati Tanga ni kijiji; misafara iliteremkia hapa, Abushiri bin Salim alinyongwa hapa tarehe 15 Desemba 1889 baada ya kuwapiga vita Wajerumani, na ng'ambo, Kikogwe, ndiko ilikopandwa miche ya kwanza ya mkonge mwaka 1893, miche 62 iliyobaki hai kati ya elfu moja iliyosafirishwa kutoka Florida. Reli ilipojengwa kutoka Tanga, Pangani ikaachwa pembeni, na imekaa pembeni zaidi ya miaka mia.

Nimevuka kwa kivuko. Tulingoja muda mrefu kwenye jua: lori la mkaa, gari la wagonjwa tupu, mama mwenye mtoto wa homa, wanafunzi, mbuzi. Mama yule hakungoja kivuko. Aliita mashua, akashuka ngazi za matope na mtoto mgongoni huku kijana wa mashua amemshika mkono, maji ya bamvua yanavuta kwenda nje kwa nguvu. Walifika salama, nilimwona akipanda ng'ambo. Kwa watu wa Bweni, Mwera, Kipumbwi na Mkwaja, hospitali ya wilaya iko ng'ambo ya maji haya. Mtu anayesema daraja ni la watalii wa Saadani aje asimame hapa asubuhi moja.

Bweni kituo kiko chini ya mwembe. Mwandikishaji alikuwa na kazi ndogo, na sababu niliyopewa imenishtua. Wengi hapa ni wageni wa ujenzi, vibarua kutoka mikoa mingine, wao wanajiona si wakazi. Wenyeji nao wameanza kuuza viwanja. Bei ya ardhi Bweni imepanda kwa sababu ya daraja, na watu kutoka Dar es Salaam wanakuja na fedha taslimu. Kijana mmoja aliniambia shamba la baba yake limeuzwa na ndugu zake watu wazima, yeye yuko machimboni, barua ya mauzo ina muhuri wa kijiji. Kesi iko baraza la ardhi, sitaingia ndani yake. Lakini nimewasihi pale chini ya mwembe, na nawasihi hapa: kiongozi mtakayemchagua Novemba ndiye atakayekuwa na muhuri siku daraja linafunguliwa. Miaka mitano ijayo ndiyo ardhi ya Bweni yote itakapobadilisha mikono au kubaki kwa watoto wenu.

Jumapili, 20 Oktoba. Tanga mjini

Jana nimerudi, leo ni siku ya mwisho. Nimezunguka Nguvumali, Duga, Mwanzange hadi saa 12 jioni. Siku ya mwisho watu wamejaa, kama ilivyo kawaida yetu. Duga mama mmoja alifika wakati daftari linafungwa, amekimbia kutoka sokoni na unga wa mihogo mikononi. Mawakala wa vyama vyote walikubaliana aandikwe, akaandikwa.

Ya mwezi huu yaliyobaki ni haya. Kuanzia kesho orodha zinabandikwa kwenye vituo. Nendeni mkalitazame jina lako na la mama yako, maana herufi moja ikikosewa, pingamizi linawekwa sasa, siku ya kura litakuwa limepitwa. Kampeni ni tarehe 20 hadi 26 Novemba.

Mgombea akija barazani kwako kuomba, mimi nimeshayaandika maswali yangu na mnaweza kuyachukua. Mkutano wa mwisho ulioitishwa ulikuwa lini, na mapato na matumizi yalisomwa? Muhuri unakaa wapi ukisafiri? Kikundi cha wanawake kikileta fomu kitangoja siku ngapi? Ardhi ikiuzwa, unaita nani kabla ya kugonga muhuri? Wa Chongoleani waulize la ziada kuhusu njia za wavuvi kando ya gati, wa Kigombe waulize ramani. Majibu ya mtaani kwangu nitayaandika katika taarifa ya Novemba, pamoja na majina ya waliosimama na idadi ya kura za kila mmoja, zikishabandikwa.